Kahawa ya Nyumba Iliyosuswa

Kwetu Deir Summaq msiba ulitangazwa na kinu kabla ya mwadhini. Ukisikia mchi wa Abu Jibrin unatwanga buni kwa ule mwendo wake mzito, unaangukia katikati kisha unagonga ukingo polepole, ulijua kuna nyumba yenye matanga, na miguu yako ingekupeleka yenyewe. Harusini alitwanga kwa mwendo mwingine, wa haraka na wenye madaha, hata wazee wenye magoti mabovu wakatikisa mabega.

Wazazi wake walimwita Hamdan. Lakini tangu apate mtoto wa kwanza, Jibrin, hakuna aliyemwita vingine ila Abu Jibrin, baba yake Jibrin. Riziki yake ilikuwa kuchonga mawe ya kujengea, mpaka mgongo ulipomkatalia akabaki na mizeituni yake. Kahawa haikuwa kazi, ilikuwa heshima aliyorithi kwa babu yake pamoja na kinu na midila mitatu ya shaba, yale mabirika ya kahawa ya mdomo mrefu, na hakuna mtu mwingine kijijini aliyeruhusiwa kuigusa.

"Kahawa ni kama mama mkwe," alikuwa akisema. "Ukiigeuzia mgongo tu, imefurika."

"Na wewe ni kama jiwe," mkewe Labiba humjibu. "Ukishakaa mahali, mpaka nyumbu aje akuvute."

Kahawa yetu ya watu wengi ni chungu, haina sukari, ina iliki tu, na ina sheria zake. Kikombe cha kwanza hunywa anayemimina, mbele ya macho ya wote, ili ijulikane kwamba kahawa ni salama na nyumba ni salama. Kinachofuata ndicho cha mgeni. Mgeni aliyekuja na haja hanywi. Hupokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, akakiacha hapo. Mwenye nyumba ataona, na akiridhika atasema, "Kunywa kahawa yako, ulichokijia umepewa." Akishasema hivyo, neno halirudi tena kinywani. Asiposema, mgeni huinuka akakiacha kikombe kimejaa, na aibu hiyo hukaa baina ya nyumba mbili hizo hata wajukuu wakaikuta.

Abu Jibrin mwenyewe sheria hiyo ilimchelewesha kuoa. Siku walipokwenda kumposa Labiba, mshenga wao alikuwa mjomba wake, mtu mnene, na nyumba ya kina Labiba iko juu kabisa ya kilima. Mjomba alifika anahema. Akapewa kikombe, akakinywa chote kwa mara moja, akafuta masharubu, ndipo akakumbuka alichojia. Wakwe wakatazamana. Haja gani tena, na kahawa imekwisha kunywewa? Ikabidi washuke kilima mikono mitupu, wangoje, wapande tena siku nyingine. "Mimi," Abu Jibrin alisimulia mpaka uzeeni, "nililala mseja miezi mingine kwa sababu ya kiu ya mtu mwingine."

Haya nayasema mapema ili mjue kikombe cha kahawa kwetu ni kitu gani, maana nyumba yetu ilifika wakati hakuna mtu aliyekubali kunywa kahawa yake.

Baba yangu aliitwa Fathallah, fundi wa kupiga plasta. Kaka yangu Wasfi alizaliwa na figo mbaya, na hospitali ya kumsaidia ilikuwa ng'ambo, upande wa Waisraeli. Kwenda huko kunataka kibali, na kibali kiko mkononi mwa ofisa. Katika miaka ile ya mawe na matairi yanayowaka, watu walinyimwa vibali kwa mafungu. Cha baba hakikukosa kutoka. Kila kilipokwisha, alikwenda akarudi na kipya, na Wasfi akaendelea kupumua.

Watu wana macho. Kisha wanajeshi wakaja wakamchukua Jibrin na wenzake wawili, vijana waliokuwa wanaandika maneno ukutani na kurusha mawe barabarani, na waliingia nyumba zile tu, bila kuuliza njia. Kijiji kikapiga hesabu yake, na jibu likawa jina la baba.

Alasiri moja vijana waliofunika nyuso wakamkuta baba akichanganya plasta kwenye nyumba ya mtu. Hawakumruhusu anawe mikono. Alikutwa nyuma ya ukuta wa shule kabla jua halijazama, na juu yake ukutani pameandikwa neno "jasusi". Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa nimeshajifunza kusoma.

Ami yangu Nadim, kaka mkubwa wa baba, alisimama mlangoni petu bila kuingia. "Hakuna matanga," akamwambia mama. "Sisi ndugu zake tumejitoa. Umm Wasfi, ukiweka viti nje, utavikalia mwenyewe."

Baba akazikwa pembezoni mwa makaburi, na watu waliomsalia wangetosha katika gari moja. Mama hata hivyo akaviweka viti uani. Asubuhi yake tulikaa, mama, Wasfi na mimi, tukitazama lango. Watu wakapita barabarani wakigeuza shingo upande wa pili, kana kwamba upande ule kuna kitu kipya cha kutazama.

Ndipo kinu kikalia. Hakikulia mbali. Kililia ndani ya ua wetu, kwa sababu Abu Jibrin alikuwa amepita kwa nyuma, kwenye miti ya tini, akawasha moto wake chini ya ukuta bila kubisha hodi. Mwendo ulikuwa ule mzito wa matanga, na mlio ukapanda kilima chote. Nyumba zote zikajua unatoka wapi.

Jirani mmoja, Abu Ghalib, akasimama langoni. "Abu Jibrin, umepotea njia? Mwanao analala jela kwa sababu ya mwenye nyumba hii."

"Sijapotea," akasema Abu Jibrin, na mchi haukusimama. "Kama una kiu, ingia. Kama huna, usinizibie upepo, moto wangu unafifia."

Abu Ghalib akaenda zake. Abu Jibrin akapika, akachuja, akamimina kikombe cha kwanza akakinywa amesimama katikati ya viti vitupu, kama vile vyote vimejaa watu. Kisha akatumiminia sisi. Mama alikuwa analia, lakini kikombe alikishika kwa mkono wa kulia, akakitikisa alipotosheka, kama inavyotakiwa. Jioni Abu Jibrin akaosha midila yake akaondoka. Asubuhi akarudi, na kesho yake tena, mpaka siku za matanga zikatimia. Siku ya mwisho waliingia ajuza wawili ambao hawakumwogopa tena mtu yeyote duniani, wakanywa, wakamsomea baba Fatiha. Hao ndio waliokuwa watu wetu.

Nyumbani kwake mambo yalichacha. Labiba alimnunia mumewe mpaka zeituni zikachumwa. Nani wa kumlaumu? Mwanawe yuko jela ya jangwani, na mumewe anapika kahawa ya matanga ya aliyempeleka. Abu Jibrin hakujitetea. Alikula mkate wake na majani makavu ya zaatari.

Miaka iliyofuata sitaieleza sana. Wasfi alipata figo ya mama, akapona, akaenda Amman kutafuta maisha, na hakupewa tena ruhusa ya kurudi. Tukabaki mama na mimi. Shuleni nilikaa dawati langu peke yangu. Siku za kuchuma zeituni, wakati kila ukoo unasaidiana, hakuna aliyekuja kwenye miti yetu ila mtu mmoja mfupi mwenye ngazi begani.

"Ami, mgongo wako," nilimwambia Abu Jibrin.

"Mgongo huu uliharibiwa na mawe, si na zeituni. Shika kitambaa hapo chini, na usiniache nianguke kabla sijaweka ngazi sawa."

Jibrin alipotoka jela, amekonda na ameota mvi changa, hakutusalimu. Alimwuliza baba yake kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Wewe uko upande gani?" Abu Jibrin akamjibu, "Upande wa mlango ulio wazi. Ingia ule." Hawakusema zaidi, angalau si mbele za watu.

Mama alinilea na neno moja. Kila niliporudi nalia aliniambia, "Baba yako alisingiziwa. Hakumtaja mtu." Nilililalia neno hilo, na nililiamkia.

Nikakua, nikajua kushona, nikapata kazi katika karakana ya nguo huko Tulkarm. Wachumba walikuja wakauliza habari zetu kwa wauza duka, kisha hawakuonekana tena. Mama akaacha kunishonea shuka za harusi. Kisha akaja Munzir, fundi bomba, aliyekuwa anatengeneza mifereji ya karakana yetu, ambayo nadhani aliiharibu mwenyewe ili arudi. Nilimwambia yote kabla hajaniuliza. Akasema, "Mimi namwoa nani, wewe au ukuta wa shule?"

Lakini kwetu mtu haolewi na mtu mmoja. Mkubwa wa ukoo wa Munzir alikuwa Haji Shukri, mzee mnyoofu, mkavu wa maneno. Alipeleka ujumbe: "Nitakuja na watu wangu Ijumaa, baada ya swala. Nitaweka kikombe chini mbele ya wanaume wa binti. Akiwepo wa kunijibu, tumekuwa ndugu. Asipokuwepo, msinilaumu, siwezi kuposa kwa ukuta."

Nikaelewa kwamba maisha yangu yalikuwa yamewekwa ndani ya kikombe hicho. Atakayesema "kunywa" awepo, ama asiwepo. Mama akajifunika, akaenda kwa ami Nadim, akamlilia mpaka akakubali. "Nitakuja," akasema. "Kwa ajili ya msichana. Nitajibu neno moja na kuondoka."

Ijumaa ikafika. Tuliazima viti vya msikitini. Abu Jibrin alikuja mapema, akatwanga ule mwendo wa harusi, na mimi nikiwa jikoni nikaimiminia shira kunafa, kitamu chetu cha jibini, kwenye sinia lake. Watu wa Munzir wakashuka kwenye magari yao wamevaa vizuri, wakakaa. Viti vya upande wetu vilikuwa na ajuza mmoja, kwa maana mwenziwe alikuwa amefariki. Kiti cha katikati, cha ami Nadim, kilikuwa kitupu.

Tukangoja. Abu Jibrin akapunguza moto. Akaongeza iliki isiyohitajika. Watu wa Haji Shukri wakazungumzia mvua, wakaimaliza mvua yote. Mwishowe hapakuwa na njia. Abu Jibrin akanywa kikombe chake, akammiminia Haji Shukri. Mzee akakipokea, akakiweka chini kwenye meza ndogo, akaunganisha mikono.

"Msemaji wa nyumba hii ni nani?" akauliza.

Mimi na mama tulikuwa nyuma ya mlango, na mlango ule una ufa. Niliuona mvuke wa kikombe ukipungua. Munzir alikuwa ametazama viatu vyake. Nilisikia kiti kimoja cha wageni kikisogezwa, ule mlio wa mtu anayejiandaa kuinuka.

Anayemimina kahawa hasemi. Hiyo nayo ni sheria. Husimama na mdila mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, na hana ukoo kwa muda ule, ni mkono wa nyumba tu. Abu Jibrin alikuwa ameishika sheria hiyo umri wake wote. Nikamwona anaweka mdila sakafuni. Akavipanga vikombe pembeni yake, bila haraka. Akajipangusa mikono, akaenda akaketi kwenye kiti cha ami Nadim.

"Kunywa kahawa yako, Haji," akasema. "Ulichokijia umepewa."

Haji Shukri hakukigusa. "Wewe ni nani kwake? Ami yake?"

"Mimi ni baba yake Jibrin."

Mnong'ono ukapita viti vya wageni. Walikuwa wameulizia habari zetu, walilijua jina. Haji Shukri akamtazama kwa kitambo. "Jibrin aliyefungwa kwa sababu ya marehemu?"

"Huyo."

"Basi nielezee, ndugu yangu, maana mimi sinywi kitu nisichokielewa. Kwa nini wewe, miongoni mwa watu wote, ndiye unayemsemea binti yake?"

Abu Jibrin akajikuna masharubu. "Nilikuwa natwanga buni zangu nyumbani siku moja. Jibrin wangu alikuwa amekwishachukuliwa. Fathallah akaingia, peke yake, mchana, mikono ina plasta. Nikammiminia, kwa sababu mgeni ni mgeni. Akaweka kikombe chini. Nikamwambia, sema haja yako. Akasema, Abu Jibrin, aliyemtaja mwanao ni mimi. Ofisa aliniwekea kibali cha Wasfi upande huu wa meza na kalamu upande ule. Nikasema majina matatu."

Nyuma ya mlango mama alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu hata pete yake ikaniumiza, na hakusema kwamba ni uongo.

"Mchi ulikuwa mkononi mwangu," Abu Jibrin akaendelea. "Mzito ule, unauona pale. Nakwambia kweli, Haji, nilishauinua. Yeye hakukwepa. Alikuwa anatazama kikombe chake. Mimi nikakitazama pia, nikakaa, na tukakaa hivyo mpaka kahawa ikafanya utando juu. Nilifikiria mwanangu. Nilifikiria na wake, maana nilimbeba Wasfi yule begani alipokuwa hawezi kutembea. Kisha nikasema, kunywa. Hata sasa sijui nilisemaje. Akanywa. Tukakubaliana kwamba Ijumaa, baada ya swala, nitasimama ubavuni mwake msikitini, aseme mwenyewe mbele ya watu na kutubu, na mtu wa kwanza kumsamehe niwe mimi, ili wengine wakose la kusema. Ijumaa haikumkuta. Walimchukua kabla."

Uani palisikika moto tu.

"Alikufa akiwa chini ya neno langu," akasema. "Nilimwambia kunywa, na alikunywa. Sasa wewe umekuja kumwomba binti yake, na unaniuliza mimi ni nani?"

Haji Shukri akainama, akashika kikombe.

"Kimepoa, Abu Jibrin," akasema.

"Kimepoa kwa sababu unapenda hadithi ndefu. Nikubadilishie?"

"La. Nitakunywa hiki hiki." Akakinywa, akakitikisa, akakirudisha. Na watu wake wote wakanywa.

Kawaida vigelegele hupigwa papo hapo. Vya mama vilichelewa. Alikuwa ameegemea ukuta, amefunga macho. Halafu akaufungua mlango, akatoka mbele ya wanaume jinsi alivyo, uso umelowa, akapiga kigelegele ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia tangu nizaliwe. Ajuza wetu akamwitikia kwa meno yake mawili.

Wageni walipokuwa wanakula kunafa, mama akamfuata Abu Jibrin kwenye moto wake. "Miaka yote hii," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na watoto wa kulea, Umm Wasfi. Niliona lile neno lako linakusaidia kuwalea."

"Nilijua," mama akasema kwa sauti ndogo. "Moyoni nilijua. Nilimpikia chai siku anarudi kutoka kwa ofisa, hakuinywa."

"Basi leo umepumzika."

Na kweli mama alipumzika. Simwoni baba yangu kuwa shujaa, na simwoni kuwa shetani. Namwona mtu aliyewekewa mwanawe mezani, akatenda kosa zito, akaenda mwenyewe kwa miguu yake kwa mtu aliyemkosea. Nisingeijua nusu hii ya pili. Nusu ya kwanza ilikuwa imeandikwa ukutani kila mtu aisome, lakini ya pili ilihifadhiwa na mtu mmoja tu, naye aliitoa siku ambayo ingenifaa. Wapo watoto wengi huku kwetu wa baba kama wangu ambao hawakupata Abu Jibrin. Nawafikiria ninapomshukuru Mungu, na ninamshukuru kila siku.

Ami Nadim hakuja siku ile wala hakuomba radhi. Alituma gunia la mchele harusini, tukalipika, tukala. Si kila mlango unafunguka wote.

Jioni, magari ya wageni yalipokwisha kuondoka, gari la Jibrin likasimama langoni. Alikuja kuchukua viti vya msikiti na kumrudisha baba yake. Labiba alikuwa amekaa mbele, amejifunika, hakushuka, lakini kioo cha dirisha alikuwa amekiteremsha. Jibrin akaingia uani kwetu kwa mara ya kwanza tangu atoke jela. Sijui aliambiwa na nani, ila habari kwetu hupanda kilima upesi kuliko mjomba yule mnene. Akabeba viti, baba yake akavipanga nyuma ya gari, naye akarudi, akabeba vingine. Safari ya mwisho akasimama mbele yangu.

"Hongera, binti Fathallah," akasema.

Ukimtoa Abu Jibrin mchana ule, hakuna mtu wa kijiji aliyekuwa amelitamka jina la baba mbele yangu tangu alipozikwa.

"Shika hapo," Jibrin akasema, akinionyesha viti vilivyoanza kuteleza. "Mzee wangu hajui kupakia."

Nikashika.